Mnyama Mwekundu wa Mtaa wa Yancy

Katika toleo la tisa la jarida lake, la Desemba 1978, dinosaria mwekundu aitwaye Devil alitumbukia katika ufa wa wakati, akaibukia Nevada, Marekani, katika zama za magari na barabara za lami. Kwa mnyama aliyezoea volkano na misitu ya kale, lilikuwa jambo kubwa. Kwa wanunuzi wa katuni wa mwaka ule halikuwa jambo hata kidogo, kwa kuwa wengi wao hawakuwa wakimfuatilia. Toleo la kumi halikutoka.

Aliyemchora, Jack Kirby, alikuwa na miaka 61, na kwenye kazi hiyo alikuwa gwiji. Alizaliwa tarehe 28 Agosti 1917 kwa jina la Jacob Kurtzberg, mtoto wa Wayahudi waliohamia kutoka Austria, katika Lower East Side ya New York. Ulikuwa mtaa wa nyumba za kupanga zilizosongamana, na baba yake alikuwa kibarua wa kiwanda cha nguo. Utoto wake aliupitisha Suffolk Street, ambako vijana wa mtaa mmoja walipigana na wa mtaa wa pili kwa sababu tu ni wa mtaa wa pili. Ngumi zile hakuzisahau. Mwaka 1941 yeye na Joe Simon walimtoa Captain America, na jalada la toleo la kwanza lilimwonyesha shujaa huyo akimtandika Hitler ngumi ya taya, hali Marekani yenyewe haijaingia vitani. Baadaye Kirby naye akavaa gwanda, akapigana Ufaransa mwaka 1944, akarudi na miguu iliyoharibiwa na baridi.

Kisha ikaja miaka ya 1960. Akiwa na Stan Lee katika kampuni ya Marvel, alichora Fantastic Four, Hulk, Thor, X-Men na Black Panther, na mengine mengi kiasi kwamba ukiyataja yote utachosha watu. Humo ndani alichomeka kumbukumbu zake bila kuomba ruhusa. Ben Grimm, lile jitu la mawe la Fantastic Four, lilitoka Yancy Street, mtaa wa kubuni wenye genge la vijana watukutu. Aliyewahi kukanyaga New York hahitaji kuambiwa kwamba Yancy ni Delancey Street iliyokatwa kichwa, hatua chache tu kutoka alikokulia mchoraji.

Tuuweke mtaa huo akiba, tutaurudia.

Kirby aliihama Marvel mwaka 1970, baada ya kuona kazi yake inatajirisha wengine na jina lake linatajwa nusunusu. Aliporudi miaka mitano baadaye alitaka kitu kimoja, kushika kalamu zote peke yake, yaani aandike, achore na ahariri mwenyewe, huko kwake California, mbali na ofisi. Devil Dinosaur, lililoanza Aprili 1978, ni tunda la sharti hilo, kwa uzuri na kwa ubaya wake. Hadithi yenyewe ni nyepesi. Katika bonde la moto na majivu wanaishi watu wa kale wenye manyoya, na miongoni mwao kuna kijana mdogo, Moon-Boy, mwenye udadisi kupita wenzake. Siku moja anawakuta wauaji wa kabila la jirani wamemzingira mtoto wa dinosaria, mama yake na ndugu zake wamekwisha kuuawa, naye wanamchoma kwa mienge. Moto ule haumuui, ila unamgeuza ngozi ikawa nyekundu kama kaa la jiko. Moon-Boy anamtuliza, na tangu hapo wawili hao hawaachani.

Kwa sayansi, bila shaka, hiyo ni kashfa. Madinosaria wa namna hiyo walitoweka duniani yapata miaka milioni 66 iliyopita, na binadamu wa aina yetu hana umri wa kufikia hata milioni moja. Kirby alijua, hakujali. Kabla matoleo tisa hayajaisha alikwisha kumleta adui kutoka angani na mashine zake, akawaweka wahusika katika bustani inayotawaliwa na kompyuta yenye umbo la mti. Ukiyasoma leo maneno yanakwaruza, kila mtu anazungumza kama anahutubia mkutano wa hadhara. Lakini ziangalie picha. Lile jinyama linajaza kurasa mbili kwa mpigo, meno kama nguzo, mkia unapindua miti, na juu ya shingo kakaa kijana mdogo asiye na silaha. Hakuna aliyewahi kuchora uzito wa mnyama kama Kirby.

Uzito hauuzi magazeti. Jarida likafungwa, na mwaka huohuo Kirby akaelekea kwenye katuni za televisheni, ambako walau walimlipa na kumheshimu. Devil aliachwa akizurura kwenye hadithi za watu wengine. Mwaka 1979 alipambanishwa na Godzilla, aliyekuwa na jarida lake hapo Marvel. Mwaka 1987 akaingizwa pamoja na Moon-Boy katika Fallen Angels, kundi la vijana watoro. Baada ya hapo aligeuka mzaha wa waandishi. Mtu akitaka kuonyesha jinsi katuni za zamani zilivyokuwa za kipuuzi, alimtaja dinosaria mwekundu.

Kirby alifariki tarehe 6 Februari 1994. Watoto wake walipelekana na Marvel mahakamani kuhusu haki za kazi alizochora kati ya 1958 na 1963, na shauri likapanda hadi mlangoni mwa Mahakama Kuu ya Marekani. Septemba 2014, siku chache kabla ya majaji kuamua kama watalisikiliza, pande mbili zikapatana nje ya mahakama. Devil hakuwa sehemu ya kesi hiyo, kwani alizaliwa baadaye mno. Ila ni katika mwaka uliofuata, wakati jina la Kirby limeanza kuandikwa panapostahili, ndipo mtu alipokumbuka kwamba stoo kuna mnyama.

Wahariri wa Marvel, Mark Paniccia na Emily Shaw, walikuwa wakitafuta namna ya kumfufua. Walimwendea Brandon Montclare na Amy Reeder, wawili ambao tangu 2013 walikuwa wakitoa Rocket Girl, hadithi ya binti polisi anayeruka angani kwa mtambo wa mgongoni katika New York ya mwaka 1986. Walikuwa, kwa maneno mengine, watu waliokwisha kujifunza jinsi ya kumweka msichana mdogo katika jiji kubwa bila kumfanya kikaragosi. Kazi ya kuchora ikapewa Natacha Bustos, Mhispania ambaye kitabu chake cha mwanzo, alichofanya na Francisco Sánchez, kilihusu watu wa Chernobyl. Rangi ziliwekwa na Tamra Bonvillain. Na kijana wa kale mwenye manyoya nafasi yake ikachukuliwa na mtoto wa shule.

Moon Girl and Devil Dinosaur lilitoka Novemba 2015. Ulikuwa msimu ambao Marvel ilikuwa imeanza majarida yake upya, na upepo ulikuwa umegeuka. Miles Morales alikuwapo tangu 2011, na Kamala Khan, binti wa Kipakistani wa Jersey City, alikuwa ameonyesha mwaka 2014 kwamba jina la Ms. Marvel linaweza kubebwa na msichana wa sekondari anayegombana na wazazi wake kuhusu saa ya kurudi nyumbani. Mashujaa weusi wa kike hawakuwa wageni kabisa. Storm alitangulia mwaka 1975, na wasomaji wa huku kwetu wana haki ya kutabasamu, kwa kuwa hadithi ile ya kwanza inamkuta Kenya, akiabudiwa kama mleta mvua, na mama yake aliandikwa kuwa ni Mkenya. Lakini Storm alikuja akiwa mtu mzima, mrefu, mrembo, nusu mungu. Lunella Lafayette alikuja na umri wa miaka tisa na mkoba wa shule.

Anaishi Lower East Side, katika Yancy Street.

Hapo ndipo mimi nilipolifunga jarida kwanza nikacheka. Waandishi wangeweza kumpeleka mnyama popote, wakamrudisha kwenye vichochoro ambavyo muumba wake alivikimbia ujanani. Na si mtaa tu. Tazama kinachomsumbua mtoto huyu. Lunella ana damu ya Inhumans, jamii ya siri ambayo miili yake hubadilika ikiguswa na ukungu uitwao Terrigen. Katika hadithi za Marvel za mwaka 2013 ukungu huo uliachiwa ukatanda duniani, na tangu hapo mtu yeyote mwenye asili hiyo aweza kwenda dukani akarudi na mabawa. Lunella hataki. Anakesha akitengeneza mitambo, akitafuta kifaa cha Kree, watu wa anga za mbali, akiamini kitamkinga. Sasa hesabu: Inhumans walianza kwenye kurasa za Fantastic Four mwaka 1965, Kree mwaka 1967, na mchoraji wa zote mbili ni Kirby. Mtoto huyu kila anachokigusa, kila anachokiogopa, kilitoka kwenye penseli ya mtu mmoja wa mtaa wake.

Kifaa kile ndicho kinachofungua mlango wa wakati. Huko nyuma, katika bonde la moto, wauaji wa kale wanamwangusha Moon-Boy kwa ajili ya kifaa hichohicho, ambacho wao wanakitukuza kwa jina la Nightstone. Wanavuka nacho hadi New York, na Devil anawafuata akiwa na msiba moyoni. Anatua mjini, magari yanapinduka, polisi wanakimbia. Na katika vurugu zote hizo anakutana na mtoto mwenye miwani mikubwa na nywele za asili zilizosimama kama wingu, ambaye kwanza anamwona kuwa ni kero. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema, ila mwenyeji huyu alihitaji matoleo kadhaa kukubali kwamba anaumwa.

Kinachomuuma ni upweke, na hapa waandishi walifanya kazi ya makini kuliko inavyodhaniwa. Hadithi nyingi za watoto wenye akili humfanya mwenye akili apendwe mwishowe kwa sababu ya akili zake. Lunella anachosha. Anamkata mwalimu kauli, anawadharau wenzake, anaona darasa ni kifungo. Jina Moon Girl hakujipa. Ni wanafunzi wenzake waliomwita hivyo kwa kejeli, kwa kuwa akili yake iko mwezini wakati wao wako darasani. Wazazi wake wanampenda na hawamwelewi, mambo mawili yanayokaa pamoja katika nyumba nyingi. Basi mnyama asiyejua kusoma wala kusema anakuwa kiumbe wa kwanza ambaye hahitaji kuthibitishiwa kitu.

Bustos alilijua hilo. Angalia anavyopanga ukubwa. Lunella huwekwa pembeni ya kisanduku, mdogo, mabega yamepanda, kisha Devil anaingia na kisanduku hakimtoshi. Uso wa dinosaria, ambao kwa Kirby ulikuwa hasira tupu, kwa Bustos una aibu, njaa, wivu na mshangao, bila kupoteza jino hata moja. Naye mtoto amechorwa mtoto kweli, magoti na viwiko, si mwanamke aliyefupishwa. Kwa fani ambayo kwa miongo mingi iliwachora wanawake kwa jicho la mwanamume wa dukani, hilo peke yake lilikuwa badiliko.

Katika toleo la sita ukungu unamkuta. Hila zake zote hazikumsaidia. Anafungwa ndani ya gamba gumu, na anapotoka msomaji anasubiri kuona amegeuka nini. Mwili wake haujabadilika. Kilichobadilika ni kwamba nafsi yake na ya Devil sasa zinaweza kubadilishana makao. Mtoto aliyeogopa kupoteza akili zake anajikuta ndani ya kichwa cha mnyama, anatazama ghorofa ya tatu bila kusimama kwenye ngazi, huku mwili wake mdogo huko chini ukinguruma na kutaka kung'ata watu. Kama kuna wazo moja katika mfululizo mzima ambalo Kirby angelionea gere, nadhani ni hili.

Baadaye ikaja habari iliyosambaa hata kwa wasiosoma katuni. Bruce Banner, yule anayegeuka Hulk, alikuwa ametunga mtihani wa kupima uwezo wa akili, na Lunella akaumaliza haraka. Marvel ikatangaza kwamba katika ulimwengu wake wote, mwenye akili kuliko wote ni yeye, mbele ya wanasayansi wake mashuhuri, Tony Stark na Reed Richards. Mashabiki wazee walikasirika. Yaani mtoto wa miaka tisa? Waandishi waliwajibu kwa njia nzuri zaidi kuliko mabishano: wakaendelea kumwonyesha akikosea. Anajua hesabu za nyota, hajui kuomba radhi.

Kibiashara, jarida lilikuwa na maisha mawili, na ni muhimu kuyatenganisha. Huko Marekani majarida ya katuni yanauzwa hasa kwenye maduka maalumu. Mwenye duka huagiza nakala miezi kabla, na zisipouzwa zinamkalia, hazirudishwi. Kwa hiyo huagiza anachojua kitanunuliwa na mteja anayemjua, ambaye kwa kawaida ni mtu mzima aliyekuwa akija Jumatano kwa Jumatano tangu ujanani. Binti wa miaka tisa haingii humo. Kwa kipimo hicho Moon Girl lilikuwa likiuza kidogo, na kila msimu watu waliliandalia mazishi. Halikufa. Matoleo sitasita yalikuwa yakifungwa pamoja kuwa kitabu, na vitabu hivyo vikapata soko jingine: maduka ya kawaida ya vitabu, maktaba, na maonesho ya vitabu ya Scholastic yanayofanyika ndani ya shule zenyewe, pale mtoto anapopita mezani na hela aliyopewa na mama yake akachagua mwenyewe. Waliomkataa dinosaria mwaka 1978 hawakuulizwa tena. Jarida lilifika toleo la 47 kabla ya kusimama mwaka 2019, mara tano na zaidi ya lile la Kirby.

Katikati ya safari hiyo, Reeder aliacha kuandika baada ya matoleo ya mwanzo, Montclare akaendelea peke yake. Hadithi zikaenda mwezini na kurudi. Kuna kipindi Fantastic Four walikuwa wametoweka, na Lunella akajikuta akiwakusanya waliobaki, Human Torch na Ben Grimm, katika kikundi kilichopungukiwa. Ben Grimm wa Yancy Street na Lunella wa Yancy Street, majirani waliochelewa kukutana kwa nusu karne. Sehemu nyingine ni za kupita tu, na sitamlaumu anayeziruka.

Mtu mmoja aliyekuwa akisoma kwa makini alikuwa Laurence Fishburne, mwigizaji wa The Matrix, mpenzi wa katuni wa tangu utoto. Yeye na mshirika wake Helen Sugland walimpeleka Lunella Disney, na tarehe 10 Februari 2023 akaonekana kwenye Disney Channel, sauti ni ya Diamond White, muziki chini ya usimamizi wa Raphael Saadiq. Steve Loter na wenzake waliukuza umri wake hadi miaka 13, wakampa rafiki mpenda mitandao, Casey, na familia inayoendesha ukumbi wa kuteleza kwa viatu vya magurudumu. Adui wa kwanza, Aftershock, anaiba umeme, na mtaa mzima unaingia gizani siku baada ya siku, biashara ndogo zinakaribia kufungwa. Watazamaji wa Dar es Salaam au Kinshasa hawahitaji kufafanuliwa hali hiyo.

Kuna sehemu moja ninayoipenda kuliko zote. Lunella anachekwa kwa sababu ya nywele zake, anajitengenezea dawa ya kuzilainisha, na nywele zinakatika, zinapata uhai, zinageuka jitu linaloimba kwa sauti ya Jennifer Hudson na kutaka kuangamiza mji. Kila mwanamke aliyewahi kukaa kwenye kiti cha saluni, kichwa kinawaka moto, akaambiwa avumilie kidogo, ataielewa hofu hiyo kuliko Hulk yeyote.

Katuni hiyo ilipata misimu miwili. Upande wa karatasi, mwandishi wa riwaya Jordan Ifueko, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, alirejesha wawili hao mwishoni mwa 2022 kwa matoleo matano yaliyochorwa na Alba Glez. Lakini badiliko kubwa zaidi lilifanywa na televisheni, na lilihusu jina. Kwenye jarida, Moon Girl lilikuwa tusi la shuleni ambalo mtoto alilimeza akaligeuza cheo. Kwenye televisheni analikuta limeandikwa tayari, katika kazi za mwanasayansi wa zamani ambaye hakuna ajuaye alikopotelea. Lunella anajenga mitambo kwa kufuata maandishi yake, anampata Devil kupitia mlango uliobuniwa na mwanamke huyo, na kwa msimu mzima anajiuliza huyo Moon Girl wa kwanza alikuwa nani. Alikuwa bibi yake, aitwaye Mimi, waliyekuwa wakiishi naye nyumba moja.